Msomaji wa Kumi

Chukua karatasi 4 za A4, zipange moja juu ya nyingine, uzikunje katikati. Umepata kijitabu cha kurasa 16. Kabla ya kuandika neno lolote, tia namba kila ukurasa kwa penseli, kisha uzitawanye karatasi mezani. Utakuta ukurasa wa 1 umelala ubavuni mwa wa 16, wa 2 na wa 15 wako pamoja nyuma yake, na katikati kabisa wa 8 umeshikana na wa 9. Kila jozi ukiijumlisha unapata 17. Wapangaji kurasa hawaoni ajabu hapo, ila mimi sijachoka kuzitazama hizo namba, kwa sababu ndani yake mna nusu ya akili ya kutengeneza jarida.

Faida yake ni hii. Ukilipia rangi ya jalada la mbele, umeshalipia na ya jalada la nyuma, maana yote mawili yanapita mashineni kwa pamoja. Asiyelijua hilo atatumia rangi mbele tu, halafu nyuma aweke tangazo la weusi mtupu, pesa zimeenda bure. Anayelijua huuweka uso wa msanii mbele na kalenda ya muhula nyuma, vyote kwa wino uleule.

Sasa tuseme wasichana wa shule ya bweni huko Mukuyuni, kaunti ya Makueni, wanataka jarida lao la muziki. Kuna atakayecheka: jarida la karatasi, zama hizi? Huyo amesahau kwamba katika shule za sekondari za Kenya mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu. Binti aliyeshinda likizo nzima akimfuatilia Zuchu na Nikita Kering' kwa simu ya dadake akirudi bwenini anabaki na kumbukumbu, wenzake, na karatasi yoyote itakayopita langoni. Pale karatasi haina mpinzani.

Na karatasi hiyo haisomwi na mtu mmoja. Anayeinunua huisoma kwanza, kisha inakwenda kitanda cha juu, chumba cha pili, darasa la pili. Ikimfikia msomaji wa kumi, jalada limeshang'oka na kona zimekunjamana. Kwangu mimi msanifu hodari ni yule anayemfanyia kazi huyo wa kumi, si yule wa kwanza. Makala isiyo na jina la msanii juu ya kila jozi ya kurasa, kwa kutegemea kwamba jalada limeshalitaja, kwake ni fumbo. Habari inayoanzia ukurasa wa 3 na kumalizikia wa 15 kwake haina mwisho.

Halafu kuna bango la katikati, picha kubwa ya kubandika ukutani au ndani ya kifuniko cha sanduku. Majarida mengi ya muziki ya wasichana yana bango, na wahariri wengi hulitilia mkazo kwa mbele tu. Lakini karatasi ya katikati ina pande mbili. Ukinyanyua pini na kuitoa, umeondoka na ukurasa wa 8 na wa 9, na mgongoni umeondoka pia na wa 7 na wa 10. Mhariri mzembe ataweka pale mgongoni nusu ya mahojiano, na baada ya siku tatu hakuna bweni lenye mahojiano kamili. Mhariri makini huweka huko mambo ya msanii yuleyule aliye kwenye bango, tarehe yake ya kuzaliwa, albamu zake, ili anayelichukua bango achukue kilicho chake na asimwibie anayefuata. Sijui heshima nyingine kwa msomaji inayofanywa kimya kiasi hicho.

Wajerumani walilipeleka bango mbali zaidi. Jarida la Bravo, lililoanza mwaka 1956, lilipofika 1959 lilianza kumtoa nyota vipande vipande, wiki hii goti, wiki ijayo bega, mpaka msomaji aunganishe picha yenye kimo cha mtu mzima. Wa kwanza alikuwa Brigitte Bardot. Ni werevu wa kibiashara, sikatai, lakini ni usanifu pia: vipande vyote lazima vilingane milimita kwa milimita ingawa vimechapwa wiki tofauti.

Uingereza nako, Nick Logan, aliyewahi kuwa mhariri wa jarida la muziki la NME, alianzisha Smash Hits mwaka 1978 kwa wazo rahisi sana: maneno ya nyimbo yachapwe, na picha ziwe za rangi. Jarida lile lilidumu hadi 2006. Neil Tennant alikuwa mwandishi humo kabla hajawa nusu ya kundi la Pet Shop Boys. Ninachokipenda ni lile wazo lenyewe. Logan alitambua kwamba binti akiupenda wimbo, kabla ya kutaka kujua msanii ana mpenzi au hana, anataka kwanza kujua wimbo unasema nini.

Hapa kwetu wasichana walilijua hilo bila kufundishwa. Miaka ya tisini na ya elfu mbili mabweni mengi yalikuwa na vitabu vya nyimbo: daftari la kurasa 96 au 120, maneno yamenakiliwa kutoka redioni ubeti kwa ubeti, mistari isiyosikika vizuri imeachiwa nafasi ili ijazwe wimbo ukipigwa tena. Vichwa viliandikwa kwa kalamu ya rangi na kutiwa kivuli. Picha zilikatwa kutoka Pulse, lile toleo la Ijumaa la gazeti la Standard, au Buzz ya Sunday Nation, zikabandikwa kwa gundi ya unga. Ukilifungua daftari la namna hiyo leo utaona mwenye nalo aliacha pambizo, alipanga safu mbili wimbo ulipokuwa mrefu, na alijua picha ikitazama kulia ibandikwe ukurasa wa kushoto ili macho yaingie ndani ya daftari yasitoke nje. Huo ni usanifu wa kurasa, hata kama hakuna aliyeuita hivyo.

Tofauti ni kwamba daftari ni la mtu mmoja, na jarida likishauzwa lina sheria. Maneno ya wimbo ni mali ya mtunzi, na kuyachapa kunahitaji ruhusa yake. Mimi ningeomba wimbo mmoja kila toleo, nikaupa ukurasa mzima wenye hewa, kuliko kubana sita kwa wizi.

Uchapishaji wa Mukuyuni, kama ule wa shule nyingi za Kenya, huenda ukawa wa riso, mashine ileile inayotoa karatasi za mitihani. Hapa ndipo fundi wa kweli anapojulikana. Wino wa riso haukauki sawasawa, kwa hiyo eneo kubwa lililojaa weusi litaacha wino kwenye vidole vya wasomaji wote kumi, na herufi nyeupe juu ya picha nyeusi zitazibika. Na kuna nyuso. Picha ya msichana mwenye ngozi yetu, ikitiwa mashineni kama ilivyo, hutoka doa lenye meno. Fundi anayejali huikalia kwenye kompyuta kabla ya kuigeuza kuwa nukta za kuchapwa: hupandisha mwanga wa mashavu na paji la uso, huliacha jicho na weupe wake, hupunguza weusi chini ya kidevu bila kuufuta, anachapa moja ya majaribio, anaitazama dirishani, anarudia. Mashine haikutengenezwa kwa kumfikiria msichana wa Makueni. Yeye fundi ndiye anayemfikiria.

Kuhusu yaliyomo, sina subira na majarida yanayodhani msichana wa kijijini anataka Marekani tu. Redio ya Musyi FM inasikika, benga ya Kativui na Maima inapigwa kwenye matatu na siku za soko. Na kuna hazina moja ambayo ningeiwekea kurasa mbili bila kusita: Kalambya Sisters, wanawake wa Ukambani waliovuma mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa wimbo wa Katelina, nyuma yao gitaa za Kalambya Boys. Wimbo unamsema msichana mpenda pombe anayebeba mimba kila mara. Mhariri angeweza kuuruka kwa aibu au kuuhubiria. Mimi ningewatuma wasichana wawili kwa nyanya zao na swali moja: ulipoucheza wimbo huu, ulikuwa ukimcheka Katelina au ulikuwa upande wake? Majibu yachapwe kwa Kikamba kama yalivyotoka, tafsiri ya Kiswahili pembeni. Jarida la Femina lililoanza Dar es Salaam mwaka 1999 lilikuwa na lugha mbili, na wasomaji hawakupotea.

Kisha barua. Gloria Stavers, aliyekuwa mhariri wa 16 Magazine huko New York, aliingia pale kama karani wa kuhudumia wanaojiandikisha, na barua za wasichana ndizo zilizomfundisha kuuliza maswali yaliyolijaza jarida. Straight Talk ya Uganda, iliyozaliwa mwaka 1993 ndani ya gazeti la New Vision, nayo ilisimama juu ya barua za vijana na majibu yasiyozungukazunguka. Gazeti la Taifa Leo lina safu ya Shangazi Akujibu. Kwa hiyo ukurasa wa barua usiachwe uwe kiraka cha mwisho. Uwekwe wa 4 na wa 5, herufi zake ziwe kubwa kuliko za habari za mastaa, na kila barua ijibiwe kabla toleo lijalo halijapangwa.

Nyinyi mliosoma bweni zamani na bado mna daftari la nyimbo sandukuni, chini ya vyeti, msilitumie kuwashia jiko. Lipelekeni shule ya wasichana iliyo karibu nanyi, mwalimu wa sanaa alione. Wasichana wataanzia mlipoishia.