Lulu Isiyo Mviringo

Wahakiki wa Ulaya wa karne ya 18 walipotaka kuibeza sanaa ya karne iliyowatangulia, waliiita baroko, neno linalohusishwa aghalabu na jina la Kireno la lulu isiyo mviringo. Nasi tunalo neno letu la shutuma: kuboronga sarufi. Mshairi akipangua mpangilio wa maneno, twamsamehe kwa hoja kwamba vina vimembana. Naona msamaha huo humdhulumu mshairi hodari.

Chukua mfano wa Luis de Góngora wa Córdoba, Hispania (1561–1627). Mwaka 1582 alitunga soneti ya kumuusia mwanamwali aufaidi ujana wake. Mishororo yote 14 ni sentensi moja. Katika minane ya kwanza nywele zashindanishwa na dhahabu, paji la uso na yungiyungi, midomo na ua jekundu, shingo na kioo; yote hayo ni vishazi tegemezi. Kitenzi kikuu, cha kuamrisha, hakiji hadi mshororo wa tisa. Kisha uzuri wote waporomoka, na mshororo wa mwisho washuka ngazi tano hadi kwenye utupu.

Nilipoifasiri mara ya kwanza, niliikata sentensi hiyo vipande vitano, kwa Kiswahili kinyoofu. Maneno yote yalikuwepo, shairi halikuwepo. Nilidhani namsaidia msomaji, kumbe nimemnyang'anya kule kungoja. Urefu wa sentensi ndio ujana wenyewe: mapambo yanatukawiza, na amri ya kufaidi inapowasili, safari iliyosalia ni fupi kuliko iliyokwisha pita.

Mwaka 1613 utenzi wake mrefu, Soledades, ulipoanza kusambaa Madrid, alishutumiwa kwa ugumu na kiza. Francisco de Quevedo alikuwa miongoni mwa waliomkejeli. Desemba 1927, miaka 300 baada ya kifo chake, washairi vijana, Federico García Lorca akiwamo, walikusanyika Sevilla kumuenzi. Hawakumsamehe, walimsoma.

Si kila uborongaji ni lulu. Ila kabla ya kuhukumu, tuyarejeshe maneno mahali pake pa kawaida, kisha tuulize shairi limepoteza nini. Likiwa halikupoteza kitu, basi ni vina tu vilivyomtawala mtunzi. Likiwa limepoteza uhai, kosa ni la sikio letu.