Heko, Wapiga Nyundo wa Mwaka wa Mwisho

Kati ya Ruiru na Thika, jiwe ni riziki. Machimbo ya Ndarugo hutoa mawe ya kijivu yanayokatwa kwa mashine, na nyumba nyingi za Nairobi zimejengwa kwayo. Pongezi zetu ni kwa wanafunzi wa jiolojia, wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kwingineko, wanaoumaliza mwaka wa mwisho kwa utafiti.

Kazi yao haina mbwembwe. Mmoja huvunja mwamba kwa nyundo, huutazama upande mpya kwa lenzi, huandika mahali na tarehe, kisha hukitia kipande mfukoni. Mwingine huchota maji ya kisima kirefu apime floraidi itokayo kwenye miamba ya volkano. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, watoto wanaoyanywa huweza kuota meno yenye madoa ya kahawia.

Eneo hili pia magorofa yanaota kwenye udongo mweusi, unaovimba kwa mvua na kupasuka kiangazi. Mwanafunzi anayeupima kabla ya msingi kumwagwa huwaepushia wengi hasara. Wenye visima na machimbo, wafungulieni wanafunzi hawa lango.