Aya ya Tano: Namna Mdaiwa Anavyojibu Hati ya Madai

Samansi ya madai ikifika dukani Chamazi au Bunju, mara nyingi jibu la kwanza hutoka kwa jirani: mwenyewe hayupo, kasafiri. Wengi huona hiyo ndiyo akili. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, haioni hivyo. Ukikwepa au ukikataa kupokea, mpeleka samansi anaweza kubandika nakala mlangoni kwako na kuapa kwamba amefanya hivyo. Ukiwa hupatikani kabisa, mahakama inaweza kuruhusu wito utangazwe gazetini. Ikisharidhika kwamba taarifa imekufikia, siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi zinahesabika, uwe umeisoma hati au umeitupa chini ya godoro.

Tutengeneze shauri la kubuni, la aina ambayo mfanyabiashara yeyote wa Mbagala ataitambua. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa akichukua saruji kwa mkopo kwa muuzaji wa jumla. Sasa anadaiwa Sh 48,000,000 katika Mahakama ya Wilaya ya Temeke. Shauri hili halikwenda Mahakama ya Mwanzo kwa sababu huko madai ya mkataba wa namna hii yanaishia Sh 30,000,000. Lingekuwa la Sh 5,000,000, mdaiwa angesimama mbele ya hakimu na kujibu kwa mdomo kama anakubali au anakataa. Kwa kiasi hiki lazima ajibu kwa maandishi, tena aya kwa aya.

Kesi yenyewe iko kwenye aya ya tano ya hati ya madai: kwamba kati ya Machi na Julai 2023 mdai alimkabidhi mdaiwa mifuko 3,000 ya saruji, kila mfuko Sh 16,000, na mdaiwa hajalipa hata shilingi.

Jibu linaloandikwa na wale waandishi wa vibarazani karibu na mahakama ni hili: "Aya ya 5 inakanushwa yote na mdai atatakiwa kuithibitisha vikali." Lina sauti ya kisheria, na mteja hulipia sauti hiyo. Lakini Amri ya VIII ya sheria hiyo inasema kukanusha kwa jumla hakutoshi. Kila dai la ukweli lazima lijibiwe lenyewe, na lisilokanushwa waziwazi wala kwa maana inayoeleweka linahesabiwa limekubaliwa. Inakwenda mbali zaidi: ukidaiwa kwamba umepokea kiasi fulani, haitoshi kusema hukupokea kiasi hicho. Ama useme hukupokea chochote, ama utaje ulichopokea.

Mdaiwa wetu alipokea mzigo, na hati za kupokelea zenye saini yake zipo. Jibu linalomfaa basi lina sura nyingine. Anakiri kupokea mifuko 1,900, akitaja tarehe za hati hizo. Anakanusha mifuko 1,100 iliyobaki, akieleza kwamba safari za lori la Fuso zinazodaiwa kuileta hazikushusha dukani kwake na hakuna saini yake wala ya mfanyakazi wake. Anasema amelipa Sh 22,000,000, na anaambatanisha miamala ya simu na risiti za benki.

Piga hesabu. Mifuko 1,900 ni Sh 30,400,000. Toa malipo, inabaki Sh 8,400,000. Shauri la milioni 48 limebaki na ugomvi mmoja wa kweli, wa mifuko 1,100, na hapo mdai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Gharama ya ukweli huo ipo: mdai anaweza kuomba apewe hukumu ya hizo Sh 8,400,000 papo hapo, kwa kuwa zimekiriwa. Bado naona ni biashara nzuri. Anayekana kila kitu kisha akaonyeshwa saini yake kizimbani hapotezi mifuko 1,900 tu; hakimu hatamwamini tena hata kwenye ile 1,100.

Kama mifuko 60 ilifika imeganda, hiyo isifichwe ndani ya utetezi kama lawama. Inaletwa kama madai kinzani, kwa kiasi kinachotajwa, Sh 960,000, na kwa kulipiwa ada yake. Malalamiko yasiyo na kiasi hakimu hana pa kuyaweka.

Kisha huja pingamizi la awali, ambalo mawakili wa Dar es Salaam wanalipenda kupita kiasi. Msingi wake uliwekwa mwaka 1969 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la kampuni ya biskuti ya Uganda, Mukisa Biscuit, dhidi ya West End Distributors. Majaji walisema pingamizi la awali ni hoja ya sheria tupu, inayotokana na hati za pande zote, ambayo ikikubaliwa inaweza kulimaliza shauri. Mifano yao ni mamlaka ya mahakama na ukomo wa muda. Ikibidi kuchunguza ukweli kwanza, hilo si pingamizi la awali. Rais wa mahakama hiyo, Sir Charles Newbold, alilalamika kwamba kulitumia vibaya kunaongeza gharama na kuvuruga hoja, akataka tabia hiyo ikome. Haijakoma.

Kwenye ukomo wa muda ndipo mdaiwa anapojikaanga kwa mafuta yake. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba na 12 kwa kudai ardhi. Tuseme deni letu lingekuwa la mwaka 2016 na shauri limefunguliwa 2024. Mdaiwa anaandika kwamba muda umepita, halafu, ili aonekane muungwana, anaambatanisha muamala wa Sh 200,000 aliotuma 2020 kupunguza deni hilohilo. Malipo ya sehemu ya deni yanaanzisha hesabu ya muda upya. Kiambatisho chake mwenyewe kimeua pingamizi lake.

Kinachoua utetezi mwingi kabla haujaandikwa ni mazungumzo. Samansi ikifika, watu huenda kwa mjumbe, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa shemeji anayemfahamu mdai, na mdai anasema, "Tutayamaliza, ndugu yangu." Huenda anamaanisha. Lakini siku 21 hazisimami kwa sababu mnazungumza. Wasilisha utetezi, kisha mzungumze. Katika Mahakama ya Wilaya usuluhishi ni hatua ya shauri lenyewe, na mdaiwa asiyehudhuria bila sababu utetezi wake unaweza kufutwa.

Aliyechelewa ana mlango mwembamba. Tangu marekebisho ya 2019, anaweza kuomba nyongeza kabla siku hazijaisha au ndani ya siku 7 baada ya kuisha, na akionyesha sababu ya msingi mahakama inaweza kumpa siku 10. Na sababu si kusema "nilikuwa naumwa" tu. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania kuhusu Lyamuya Construction, maombi namba 2 ya mwaka 2010, mwombaji wa muda anatakiwa kueleza kipindi chote cha kuchelewa. Mlango huo ukifungwa, mdai huthibitisha peke yake, hukumu ya upande mmoja hutoka, na anayefuata kugonga geti ni dalali wa mahakama.

Angalizo moja kwa waliokopa kwa rehani au kutoa hundi: soma samansi yenyewe. Ikiwa ni ya utaratibu wa muhtasari, huruhusiwi kuleta utetezi mpaka uombe kwa kiapo ruhusa ya kujitetea na upewe.

Asiye na fedha ya wakili asikimbilie kibarazani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua watoa msaada wa bure, na mashirika kama Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake (WLAC) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu yamekuwa yakifanya kazi hiyo hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi. Nenda wiki ya kwanza, na ubebe samansi, hati ya madai na viambatisho vyake vyote, si picha ya ukurasa wa kwanza kwenye simu.