Maneno Kumi Yasiyo na Jeni

Kwa miaka kadhaa mtaalamu aliyetaka kujua ni jeni zipi zinazofanya kazi katika seli za ubongo au ini alilazimika kwanza kuzitenganisha seli hizo kwa vimeng'enya, kisha kuzisoma moja moja. Na ijapokuwa njia hiyo ilimpatia orodha ndefu ya aina za seli, ilimnyima jambo azizi, nalo ni mahali, kwani seli iliyokwisha kung'olewa katika tishu haiwezi tena kueleza ilikuwa jirani ya nani. Alikuwa mfano wa karani aliyeandika majina ya watu wote wa mji asiandike mitaa yao. Mwaka 2015 Kok Hao Chen, Alistair Boettiger, Jeffrey Moffitt na Siyuan Wang, chini ya uongozi wa Xiaowei Zhuang wa Chuo Kikuu cha Harvard, walitangaza katika jarida la Science njia waliyoiita MERFISH, ambayo huzisoma nakala za RNA, yaani nakala zinazotolewa na jeni zinazofanya kazi, mle mle zilimo. Nitaitazama kwa upande wa hesabu zake, maana ndiko iliko fahari yake.

Kila nakala hunatishwa vipande vifupi vya DNA, kisha vipande vyenye rangi ing'aayo hupitishwa kwa duru, picha ikapigwa kwa hadubini, mwanga ukazimwa, na duru nyingine ikaanza. Nakala iliyong'aa huandikiwa 1, isiyong'aa 0; hata zikitimia duru 16, kila nukta iliyong'aa pichani ina neno lake la tarakimu 16. Kwa hesabu tupu tarakimu hizo zingetoa maneno 65,535, idadi inayozidi kwa mbali jeni zote za binadamu zenye kuunda protini. Walakini waasisi wa njia hii walichagua maneno 140 tu, na katika uchache huo ndimo ilimo hekima yao.

Katika kila duru, takriban mara 10 katika 100 nakala iliyopaswa kung'aa haikung'aa, na takriban mara 4 isiyopaswa kung'aa iling'aa. Kosa hilo ni dogo likitazamwa peke yake, lakini likirudiwa katika duru 16 huharibu zaidi ya nusu ya maneno. Na lau kila neno lingekuwa jina la jeni fulani, neno lililoharibika lingegeuka jina la jeni nyingine, wala asingekuwapo wa kulitambua. Ndipo wakaiendea kazi ya Richard Hamming, ambaye mwaka 1950, akiwa katika maabara za Bell, alichapisha kanuni za kusahihisha makosa baada ya kuudhiwa na mashine zilizokuwa zikiacha hesabu zake mwishoni mwa juma kila zikikuta hitilafu. Kwa kanuni hizo, maneno yalichaguliwa hata yoyote mawili yakatofautiana kwa tarakimu 4 au zaidi: likiingia kosa moja, neno hurudishwa kwa asili yake, yakiingia mawili, hujulikana kuwa limeharibika, likatupwa. Tena, kwa kuwa kuzimika hutokea zaidi kuliko kung'aa kwa uongo, kila neno lilipewa 1 nne tu na 0 kumi na mbili. Masharti hayo mawili huruhusu maneno 140, wala hayaongezeki.

Katika hayo, 130 yalipewa jeni, na 10 hayakupewa chochote. Programu ya kompyuta iliyozisoma picha iliyatafuta kama mengine, na kila lilipoonekana moja lao ilikuwa dhahiri kwamba ni uongo, maadam hapakuwa na RNA iliyolibeba. Hivyo jaribio lenyewe likatoa kipimo cha makosa yake. Mimi nakiona kitendo hiki kuwa kikubwa kuliko kanuni zenyewe, kwani aghalabu mtafiti hutamani kutumia kila nafasi aliyo nayo.

Jaribio hilo la kwanza lilifanywa katika seli zilizooteshwa maabarani. Kufikia mwaka 2018 njia ilikuwa imefika katika tishu: seli takriban 1,000,000 za eneo la haipothalamasi la panya zilisomwa kwa jeni 155, zikapatikana jamii kama 70 za seli za neva, na baadhi zikahusishwa na malezi, kujamiiana na ugomvi.

Lakini nukta si seli. Sharti mipaka ya seli ichorwe, na katika ubongo, ambamo seli zimebanana na kupandiana, nakala ya pembezoni huweza kuhesabiwa kwa jirani, ikazuka seli ya bandia yenye sifa za aina mbili. Hapa Hamming hana dawa, kwa sababu neno ni sahihi ila mwenyewe siye. Programu ya Cellpose, ya mwaka 2021, hujifunza mipaka kwa picha nyingi. Programu nyingine, Baysor, ya mwaka huo huo, huitafuta kwa namna nakala zenyewe zilivyotawanyika. Zote mbili zimesaidia, wala hazijaimaliza taabu.

Basi msomaji atakayeonyeshwa ramani ya tishu yenye rangi za kupendeza namsihi aulize mambo mawili kabla ya kuisadiki: maneno yasiyo na jeni yalionekana mara ngapi, na mipaka ya seli ilichorwa kwa njia gani.