Tabibu wa Mwanafarasi Asiyezaliwa

Farasi jike hubeba mimba kwa siku 340 hivi, na katika muda huo aweza kuwa amebeba msiba bila kuuonesha. Asubuhi anakula majani, jioni anafukuza nzi kwa mkia, kumbe huko ndani kondo la nyuma limevamiwa na bakteria na mwanawe anadhoofika. Mnyama huyu ameumbwa kuwakimbia wanaomwinda, na udhaifu wake huuficha. Anayetaka kujua hali ya kilichomo tumboni asingoje mama amwambie. Aende mwenyewe kukitafuta. Wapo watu waliojifunza kufanya hivyo, huko Newmarket nchini Uingereza, Ufaransa, na Lexington katika jimbo la Kentucky, Marekani, na mimi nauheshimu ufundi wao kuliko ufundi mwingi unaopigiwa makofi.

Zamani chombo chao kilikuwa mkono tu. Daktari alivaa glavu ndefu hadi begani, akaupitisha mkono katika njia ya haja kubwa, na kupitia ukuta wa utumbo akaupapasa mji wa mimba. Mkono uliofunzwa ulitambua mimba ingali changa, lakini haukuweza kusema kama kilichomo kina uhai. Mwaka 1980 Palmer na Driancourt, watafiti wa Ufaransa, walichapisha habari za kutumia ultrasaundi kwa farasi, na giza lile likapata dirisha. Hata hivyo mkono haukustaafu. Ni mkono huohuo unaobeba kifaa ndani na kukigeuza kidogo kidogo, huku ukijihadhari usiujeruhi utumbo wa mnyama mwenye uzito wa nusu tani.

Kazi ngumu huanza mapema mno. Kwetu wengi mapacha ni furaha, lakini kwa farasi ni balaa. Kondo la farasi huhitaji karibu ukuta wote wa mji wa mimba ili kumlisha mtoto mmoja. Wakiwa wawili hugawana eneo lisilowatosha, na mara nyingi wote hufa miezi ya baadaye, wengine wakihatarisha na maisha ya mama. Kwa hiyo daktari hupima siku ya 14 au ya 15 ya mimba. Kila mimba huonekana kwenye skrini kama kiduara cheusi, kikubwa kama zabibu, na kiduara hicho hakijatulia. Kinazunguka kutoka pembe moja ya mji wa mimba hadi nyingine, mwendo ambao O. J. Ginther wa Wisconsin aliuchunguza kwa undani. Karibu na siku ya 16 kinatia nanga. Kabla ya hapo, daktari akiona viwili, hukisukuma kimoja mbali na mwenzake na kukiminya mpaka kipasuke. Nimeutafakari uamuzi huo na siuoni kuwa ukatili. Ni kumpa mmoja nafasi ambayo wawili wasingeipata, na hufanywa katika siku chache ambazo zikishapita haziombwi tena.

Mimba ikikua, kifaa huhamia chini ya tumbo, mbele ya kiwele, na daktari anatafuta moyo. Miezi ya mwanzo moyo wa kijusi hupiga zaidi ya mara 100 kwa dakika, kisha hupungua kadiri mimba inavyokomaa, hadi kati ya 60 na 80 wiki za mwisho. Lakini hesabu moja haitoshi. Mwanafarasi mzima akijinyoosha, moyo wake hupanda. Akitulia, nao hutulia. Moyo usiobadilika ndio wa kuogopwa. Ndiyo maana daktari mwema, hesabu akiwa ameshaipata, bado haondoi kifaa. Anasubiri mtoto ajitikise.

Halafu hurudi kwa njia ya nyuma, karibu na mlango wa kizazi, maana huko ndiko bakteria hupandia. Hupima unene wa ukuta wa mji wa mimba pamoja na kondo: katika mwezi wa 10 usizidi milimita 8, na hata siku 330 zikishapita usizidi 12. Milimita chache tu, na ndizo zinazoamua kama antibaiotiki zitaanza leo au zitaanza mimba ikiwa imeshaharibika.

Majira ya kuchipua ya mwaka 2001, Kentucky iliona thamani ya macho haya. Mwishoni mwa Aprili, madaktari waliokuwa wakipima mimba za miezi miwili mitatu, kazi ya kila mwaka, walikuta maji ya uzazi yamechafuka na mioyo ya vijusi imezorota au imesimama. Mama wengi walionekana wazima kabisa. Kilio kilianzia kwenye skrini, kisha kikasambaa kutoka shamba hadi shamba. Uchunguzi ulikuja kuelekeza kidole kwa viwavi waliokuwa wamefurika kutoka kwenye miti ya cheri ya mwituni na kuliwa pamoja na majani. Waliokwisha kufa hawakurudishwa, lakini mashamba yalijua la kufanya: kukata miti na kuwaondoa mama malishoni.

Siku za mwisho zina fumbo lake. Mwanafarasi hukamilisha ukomavu katika siku chache tu kabla ya kuzaliwa, homoni ya kotisoli inapopanda mwilini mwake. Akitolewa kabla ya hapo, hata kalenda ikidai ametimia, mara nyingi haishi. Peter Rossdale, daktari wa Newmarket aliyeyatoa maisha yake kwa watoto wa farasi, na wenzake walionesha kwamba habari ya ukomavu huo hutoka katika maziwa ya mama: kalisi hupanda, potasiamu huzidi sodiamu. Leo mtunza farasi hukamua matone machache na kuyapima kwa vijikaratasi vilivyotengenezwa kupimia ugumu wa maji. Hapo najua ufundi umekomaa: umetoka hospitalini ukafika bandani, kwa mtu anayekesha na taa.

Nanyi mnaosomea utabibu wa mifugo Morogoro na Kabete, farasi kwetu ni wachache, lakini punda ni jamaa yake wa karibu, na mimba yake huchukua mwaka mzima au zaidi. Lamu punda hubeba mawe, mchanga na saruji, na wako majike wanaobebeshwa mizigo hiyo huku wana mimba ambayo hakuna aliyeipima. Jifunzeni kuipima. Mwambieni mwenye punda, mapema na kwa uhakika, kwamba mnyama wake ana mtoto tumboni, ili ampunguzie mzigo angali na muda.