Kutoka Kikamba hadi Kiswahili: Nafsineni na Hadhira katika Nyimbo za Les Kilimambogo Brothers

Historia za bendi za gitaa aghalabu huandikwa kwa kufuata mdundo. Habari za Madness na The Specials wa Uingereza, kwa mfano, husimuliwa kama habari za ska, mdundo uliozaliwa Jamaika: namna ulivyoingizwa katika roki mwishoni mwa miaka ya 1970, na namna Madness walivyojitenga nao polepole. Nchini Kenya nako hatua huhesabiwa hivyo hivyo, yaani twisti ya Daudi Kabaka katika miaka ya 1960, kisha rumba ya Wakongo, kisha benga. Kipimo hiki hakitoshi kinapoelekezwa kwa Les Kilimambogo Brothers, bendi ya Kakai Kilonzo iliyotamba Ukambani hadi kiongozi wake alipofariki mwaka 1987. Mdundo wake haukubadilika sana. Kilichobadilika ni lugha, na badiliko hilo ni mali ya mhakiki wa fasihi kabla ya kuwa mali ya mwanamuziki.

Mlima wa Kilimambogo uko mashariki ya Thika. Msafiri aelekeaye Garissa hupita karibu nao kabla ya kufika Matuu, soko kubwa la Yatta. Hii ni njia ambayo Mkamba, Mkikuyu wa kutoka Thika na mfanyabiashara Msomali wa kutoka Garissa hukutana kila siku, na wakutanapo lugha ya kupatania bei ni Kiswahili. Kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba bendi iliyochukua jina la mlima huo ilikikuta Kiswahili Nairobi, katika studio na maduka ya santuri ya River Road. Kiswahili kilikuwa nyumbani.

Jina lenyewe lathibitisha hayo. "Les" ni Kifaransa cha fasheni, kilichoenezwa na wanamuziki wa Kongo kiasi kwamba hata Les Wanyika, bendi iliyozaliwa mwaka 1978 na kutawaliwa na Watanzania, hawakuona haja ya kukieleza. "Kilimambogo" ni Kiswahili, kilima cha mbogo. "Brothers Band" ni Kiingereza. Katika jina lote la bendi iliyoanza kwa kuimba Kikamba hamna hata neno moja la Kikamba! Jina lilitangulia, nyimbo zikafuata.

Juu ya muziki wenyewe hayahitajiki mengi. Benga ilikuwa kazi ya Wajaluo, na D. O. Misiani na Shirati Jazz ndio walioivumisha kuliko wengine. Wakamba waliipokea na kuitia alama yao, nayo ni gitaa la pili, jepesi, lipigwalo kwa sauti ya juu, ambalo hupenya katika kila mwanya unaoachwa na ala nyingine. Alama hiyo husikika kwa Peter Mwambi na Kyanganga Boys, husikika kwa Kalambya Boys, na kwa Kilonzo husikika katika nyimbo za lugha zote mbili. Asiyefahamu maneno atadhani ni bendi ile ile ikiendelea na kazi ile ile.

Anayefahamu maneno hatadhani hivyo. Mwimbaji wa Kikamba huimba mbele ya watu wanaojua ukoo wake, kijiji chake na pengine deni lake. Akitaja mtu, hadhira inamjua au inamjua anayefanana naye. Nafsineni ya namna hii ina uhuru mkubwa wa mafumbo, kwa kuwa nusu ya maana imo tayari vichwani mwa wasikilizaji; lakini pia imefungwa. Miongoni mwa vifungo vyake ni *nthoni*, heshima yenye haya ambayo kwa desturi ya Wakamba huwatenga wakwe, hata baadhi yao wasiweze kukutana njiani bila mmoja kukwepa. Kuna maneno ambayo mtu hayasemi mbele ya mkwe, na wimbo wa gitaa huingia kila nyumba, ya mkwe ikiwemo.

Sasa na zitazamwe anwani mbili za nyimbo za Kiswahili zilizoipatia bendi hii jina nje ya Ukambani: "Mama Sofi" na "Baba Mkwe". Zote mbili ni miito, na hakuna mtu anayeitwa kwa jina lake mwenyewe. Wa kwanza anajulikana kwa mtoto wake, wa pili kwa ndoa ya mwanawe. Msikilizaji wa Kisumu au Mombasa hana haja ya kuambiwa ni Mama Sofi yupi, maana mtaani kwake yuko mmoja. Hapa ndipo ulipo ufundi wa badiliko hili. Mwimbaji aliyepoteza hadhira inayojua ukoo amelazimika kuubeba ukoo ndani ya mwito. Tena, kwa kusema "baba mkwe" kwa Kiswahili, anautaja uhusiano wote pasi na kuuamsha mzigo wote wa *nthoni*. Lugha ya pili inampa nafasi ya kusimama hatua moja mbali na baraza la wazee wake na bado akaheshimu. Huo si udhaifu wa lugha ya kuazima, kama baadhi ya wapenzi wa lugha za mama wanavyodai; ni nyenzo ya fani.

Husemwa kwamba Kilonzo alifuata soko tu. Soko lilikuwepo, na Kiswahili kweli kilimfanya kipenzi cha taifa zima. Hata hivyo "Katelina" ya Kalambya Sisters iliimbwa kwa Kikamba na bado ilivuma mbali na Ukambani katika miaka ya 1980. Mlango wa soko, basi, haukuwa na ufunguo mmoja. Lakini waliocheza "Katelina" bila kujua Kikamba walicheza sauti. Kisa cha mwanamke huyo apendaye pombe na kubeba mimba mwaka baada ya mwaka kiliwapita. Kilonzo alitaka kusikilizwa kisa chake.

Inashangaza kwamba idara za Kiswahili hazikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Mwaka 1974, *Kichomi* ya Kezilahabi ilipotoka, wataalamu walianza kugombana kama shairi lisilo na vina na mizani ni shairi. Katika mwongo huo huo wimbo wa benga usiojali vina vya kati wala vya mwisho ulikuwa ukipokewa katika masoko kama la Matuu bila mtu kuomba kibali. Mtaalamu wa fasihi simulizi ya Wakamba huuacha wimbo huu kwa kuwa ni wa Kiswahili; mtaalamu wa Kiswahili huuacha kwa kuwa ni wa bara, na kwa kuwa ni wa dansi. Mwanafunzi hutumwa Yatta kukusanya nyimbo za wazee akaipita santuri iliyoko sebuleni.

Atakayeinakili santuri hiyo atakuwa na kazi. Ni santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, na wimbo mara nyingi umekatwa katikati: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa pili. Kisa husimama mtu ainuke akageuze santuri, mfano wa mtambaji anyamazaye hadhira iitikie. Upande wa pili maneno hupungua na magitaa yakashika usukani, na ile sauti nyepesi ya gitaa la pili hujibu pale ambapo mwimbaji amenyamaza. Mhariri atakayeandika maneno peke yake, ubeti chini ya ubeti, atakuwa ameandika upande mmoja wa mazungumzo na kuwaacha nje waliokuwa wakimjibu.