Sura ya Herufi na Sura ya Afrika

Mwalimu akivitandaza mezani vitabu vya Ulaya na Marekani vyenye kusimulia habari za Afrika, haitachukua muda kabla hajakutana na jalada lenye herufi nene, nyeusi, zenye kingo zisizonyooka, kana kwamba zimechongwa kwa panga katika gogo. Msomaji huzitazama akadhani ameuona mkono wa fundi wa Kiafrika. Mkono huo haumo.

Herufi hizo huitwa Neuland. Zilibuniwa na Mjerumani Rudolf Koch mwaka 1923, zikasubiwa katika kiwanda cha Klingspor mjini Offenbach. Koch hakuzichora kwanza katika karatasi. Alizichonga moja kwa moja katika chuma, na kwa kuwa kila kipimo alikichonga peke yake, herufi ya kipimo kidogo hailingani sawasawa na mwenzake wa kipimo kikubwa. Hiyo ni kazi ya fundi hodari, wala sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na wachapaji waliouona ukavu wa kingo zile wakauita Uafrika. Filamu ya Jurassic Park, ya mwaka 1993, nayo ilizitumia kutangaza wanyama wakubwa wa kale. Basi tumewekwa zizi moja na hao!

Lithos nayo haikusalimika. Carol Twombly aliibuni mwaka 1989 kwa kufuata maandishi ya Wagiriki wa kale katika mawe, lakini matangazo ya safari za mbugani yaliichukua upesi.

Sasa na tuingie msikiti wa Kizimkazi, Unguja. Katika kibla chake mna maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe. Mistari yake imetulia, ncha zake zinachanua kama majani, na hakuna alama ya haraka wala ya panga. Atakayesema kwamba hati ya Kikufi nayo ilitoka ng'ambo atakuwa amesema kweli. Lakini waliojenga pale waliichagua wenyewe, waipambe ibada yao. Hawakuvikwa na mtu wa mbali.

Niliwahi kumwuliza mwanafunzi mmoja kwa nini jarida la shule yao lina jalada la Neuland. Akajibu kwamba herufi zile zinafanana na Afrika. Nikamwuliza ameiona wapi Afrika hiyo. Akafikiri kidogo, kisha akasema: katika filamu.